Kura ya kuniondoa uenyekiti wa timu Ibra: nilishinda, nikabaki sina timu

Wakuu, salaam aleikum. Hii naisimulia bila chumvi, maana ilivyo tu inanitosha kwa aibu.

Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa mji wa Ibra, Oman, mchana ofisini, jioni mwenyekiti wa timu ya mpira ya sisi vijana ambao wazee wetu walirudi Oman kutoka Afrika.

Cheo kikanilevya.

Nilihamisha mazoezi kutoka jioni hadi Ijumaa baada ya Alfajiri, siku ambayo watu wanalala. Halafu nikajipanga mwenyewe namba tisa. Mpira naujua kwa macho, miguu haina habari.

Vijana wakachoka. Wakadai ipigwe kura, nibaki au nitoke, kabla muda wangu haujaisha. Nikasema hakuna tabu, njooni kwetu.

Wakaja majlis kwetu, sebule ya wageni, baada ya Magharibi. Mmoja mmoja akamwamkia mama shikamoo. Mama akatoa halua, tende na mkate wa kumimina. Vikombe vya kahawa vikazunguka.

Waliposhiba nikasimama: "Asiyenitaka anyooshe mkono."

Ukanyooshwa mkono mmoja tu. Suleiman, rafiki yangu tangu chuo cha Kurani, na mdomoni bado anatafuna.

Wanaotaka nibaki? Wote waliobaki. Landslide, wakuu!

Nikatoa hotuba. Nikasema sasa nina mandate, na mechi yetu ya ugenini Sinaw naanza mimi namba tisa. (Nilisema "mandate" mbele ya watu wanaolamba halua vidoleni.)

Suleiman sikumsemesha tena. Tukikutana sokoni najifanya nachagua samaki. Iliniuma, nisiwe muongo. Watu wote wanipende, rafiki yangu anikatae?

Siku ya mechi tuliagana tukutane kituo cha petroli baada ya Adhuhuri. Nimekuja na pickup, jezi nimezifua mwenyewe.

Simu zikaanza. Huyu homa. Yule ameitwa na baba yake Nizwa. Mwengine ana harusi ya binamu yake, na binamu yake ni binamu yangu, na mimi harusi sijaisikia.

Nikakaa juu ya mfuko wa jezi, nimenywea.

Akatokea mtu mmoja. Suleiman, viatu vya mpira mkononi.

Tukaenda Sinaw wawili kuomba radhi, kwani kuwaacha watu wanakungoja uwanjani si adabu. Njiani nikashindwa kuvumilia.

"Weye ndo ulonikataa, na weye peke yako ndo umekuja?"

"Yakhe, umewaweka watu kitako majlis kwenu, mama kishawapakulia halua, ndo unawauliza nani hakutaki? Nani ana uso huo? Wamemstahi mama yako, khalas."

"Na weye uso uliutoa wapi?"

"Wale wageni wako. Mie rafiki yako."

Nikaendesha nikisingizia vumbi limeniingia machoni. Madirisha yalikuwa yamefungwa.

Wenyeji wetu Sinaw walitucheka mpaka basi, wakatukaribisha kahawa. Tuliporudi nikajiuzulu.

Nilichojifunza: kabla hujasherehekea matokeo, tazama kura imepigwa nyumbani kwa nani, na wapiga kura walikuwa wanakula nini. Mikono mingi ilinyooshwa, lakini hakuna aliyeulizwa anachotaka kwa namna ambayo angeweza kujibu.

Suleiman ndiye aliyechukua uenyekiti. Amri yake ya kwanza, mazoezi yarudi jioni. Ya pili, mimi benchi.

Ila niwaambie ukweli wote. Kura ya kumchagua ilipigwa majlis kwao, na mama yake alitutolea halua ya zafarani. Mkono wangu ulikuwa juu kuliko wa mtu yeyote.

Mliowahi kushinda kwa namna hii karibuni hapa chini tupeane pole. Na mwenye akili zake anisaidie: mpaka leo sijui mkono ule nilimpa Suleiman au niliipa halua.