Koti la Baba

Asubuhi ile, wakwe zangu wakiwa bado njiani kutoka Mbalibali, mwanaume aliyenizaa aliingia uwanjani kwetu Itiryo bila kualikwa, akachagua kiti cha plastiki cha mbele kabisa, akakaa. Alikuwa amenyoa ndevu. Alikuja na kaka zake wawili, na wote watatu walikaa kimya kama watu waliowahi msibani. Mimi nilikuwa jikoni nakoroga uji wa wageni. Nilimwona kupitia mlangoni, nikaacha kukoroga, uji ukashika chini.

Nieleze mapema, maana jambo hili huwachanganya watu wa mbali. Mimi ni mtoto wa nyumba ntobhu. Bibi yangu, ambaye kwa damu si bibi yangu hata kidogo, alifiwa na mumewe akiwa hana mtoto wa kiume, na binti zake walikuwa wameshaolewa. Kwetu nyumba ya namna hiyo huhesabiwa kuwa inakufa, na ndugu wa marehemu huanza kuyapimia macho mashamba. Bibi hakukubali. Alitoa ng'ombe wake mwenyewe, aliowapata kwa kulima na kupika pombe ya mtama, akamwoa mama yangu. Nasema akamwoa, kwa mahari kamili, akamleta nyumbani kama mkamwana, mke wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Watoto tuliozaliwa ni wa Bibi. Mwanaume anayetia mimba ni mgeni tu: anakuja giza likiingia, anaondoka kabla hapajakucha, na hana neno juu ya mtoto. Hata huyo mwanaume aliyemchagua ni Bibi, kama unavyochagua dume. Alitaka mrefu, asiye mlevi, ambaye ukoo wao hauna kifafa.

Sheria ni hiyo, na watoto wakiwa wadogo kila mtu anaijua. Binti akifikia kuolewa, wanaume wengi huisahau.

Nimekua nikiambiwa mimi ni nani na watu ambao sikuwauliza. Kisimani wanawake walinishika kidevu, wakanigeuza geuza na kusema, "Huyu ni yeye mtupu," kisha wakacheka na kuniachia. Shuleni walisema baba yangu anavaa gauni. Mmoja alilisema mara moja zaidi ya ilivyofaa, nikamng'oa jino, na sikuomba radhi hata mwalimu aliponichapa. Bibi alifurahi sana siku hiyo. Ndiye aliyenifundisha kutembea haraka na kuongea na mtu mzima bila kuangalia chini, mpaka majirani wakawa wanasema naenda kama yeye. Kwa hiyo nilikuwa na uso wa mtu mmoja na mwendo wa mwingine, na mimi mwenyewe nilibaki kutafuta kipande kilicho changu.

Tena nilimtaka yule mwanaume. Sioni haya kusema. Nikiwa msichana nilikutana naye mnadani, nikamsogelea kabisa, nikamwamkia shikamoo. Akasema, "Marahaba, hujambo," kwa sauti ya kumjibu mtoto yeyote, akaendelea kubishania bei ya mbuzi. Nililia njia nzima, nikaapa simtaki tena duniani. Nilikuwa najidanganya.

Sasa amekuja, na kaka zake, siku ya posa yangu.

Bibi aliingia jikoni bila kupiga hodi, maana jiko lake hapigi hodi. Mama alikuwa anajifunga kitenge kipya.

"Yule amefuata nini hapa?" Bibi aliuliza.

"Sijui, mama," mama alijibu. Bibi alikuwa mkwe wake, na mbele yake mama hakuwahi kuinua sauti.

Babu mdogo, yaani mdogo wa marehemu mume wa Bibi, ndiye aliyekuwa msemaji wetu siku ile. Alisimama mlangoni akijaribu kutuliza mambo. "Siku ya wakwe mgeni hafukuzwi. Tukimtoa, wale wakifika watakuta vurugu, watasema nyumba hii ni ya fujo. Aachwe, anywe uji, aende zake."

"Mtu hanyoi ndevu kwa ajili ya uji," Bibi alisema.

Sote tulijua amefuata nini. Kwa desturi ya upande wetu, wakwe, kabla ya kutaja ng'ombe, huleta koti la baba na blanketi la mama. Anayevaa koti ndiye baba, na ndiye watakayezungumza naye mahari mpaka mwisho. Yule mwanaume akivaa koti kwa ajili yangu, hakuna atakayemzuia kurudi kesho kuwadai wadogo zangu, wavulana wawili, ambao kwa ajili yao hasa Bibi aliingia taabu yote ile. Nyumba yake ingekufa naye akiwa amekaa ndani yake, anaona.

Na wakwe hawakujua kitu. Mchumba wangu nilikuwa nimemweleza kila kitu tangu tulipofahamiana Mugumu, nilikokuwa nashona nguo. Akaniambia haina shida, kisha akawaambia wazee wake maneno haya tu: "Mambo ya kwao watayaeleza wenyewe." Nilikuja kulijua hilo baadaye, na mpaka leo likinijia nikiwa napika, chakula kinazidi chumvi.

Walifika jua likiwa limepanda, wazee watano kwenye gari la kukodi, mchumba wangu nyuma yao na viatu vinavyong'aa. Mzee wao mkuu alikuwa mtu mpole mwenye kofia ya pama. Salamu zilichukua muda, shikamoo huku na marahaba kule, mvua, mifugo, barabara. Nilimwona akitembeza macho viti hadi viti. Kwetu mgeni haulizi baba wa binti ni yupi, maana ni kama kusema nyumba imepotelewa na mwenyewe. Unaangalia, unatambua, unaenda kwa mtu wako.

Nilipita na beseni na jagi kuwanawisha mikono. Yule mzee alinyoosha mikono yake, akaniangalia usoni, kisha akainua macho akamwangalia mwanaume wa kiti cha mbele. Akarudi kwangu. Akatabasamu kama mtu aliyepata ndama aliyepotea. Maji nilikuwa bado nayamimina alipomwashiria mwenzake atoe koti kwenye mfuko.

"Sura haijifichi," alisema, akaenda moja kwa moja. "Mkwe, pokea."

Yule mwanaume alisimama, akavaa. Lilimkaa vizuri mabegani kana kwamba fundi alimpima.

Nilifurahi. Nitafanyaje, ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa kumeza mate nilikuwa binti mwenye baba, amesimama mbele za watu, anapendeza, na kila mtu anaona tunavyofanana. Nilitaka wasichana wote niliosoma nao wawepo. Halafu nikamwona Bibi. Alikuwa upande wa wanawake, kwenye kigoda, na alikuwa amejishika magoti kwa mikono yote miwili. Sikuwahi kumwona Bibi akiogopa. Sikujua kama anaweza.

Babu mdogo alisimama. "Wakwe, samahani, mmeenda pasipo penyewe. Kitanda hakizai haramu. Huyu mtoto ana kitanda alichozaliwa, na kitanda kina mwenyewe, na mwenyewe ni yule pale." Akaonyesha upande wa wanawake.

Kaka mmoja wa yule mwanaume alijibu bila kusimama. "Hicho kitanda kina pua kama hii?"

Watu wachache walicheka. Wengine walianza kusema kwa pamoja, Kiswahili kikaisha, Kikurya kikachukua nafasi, na wale wazee wa Mbalibali ambao si Wakurya wakabaki kutazamana. Mzee wa kofia alikuwa amepoteza upole wake. Alijua amekosea na hakujua amekosea wapi.

"Sisi tumekuja kuoa," alisema watu walipotulia kidogo. "Hatukuja kuamua kesi. Baba asipojulikana, tutarudi na koti letu, na maneno yameishia hapa."

Nilimtafuta mchumba wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Aulizwe binti," mzee yule akaendelea. "Aseme yeye baba yake ni nani, avae huyo."

Siku kama ile msichana hasemi kitu isipokuwa akiulizwa kama anawajua wageni. Jagi lilikuwa bado mkononi mwangu. Nyuma ya jiko kuku walikuwa wanachakura. Yule mwanaume aliinama kidogo upande wangu, akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole, "Sema, mwanangu."

Mwanangu. Neno hilo nilikuwa nimelingoja tangu nina meno ya utoto, na lingeweza kunifikia mnadani, kisimani, njiani, nikiwa nimeumwa malaria, siku yoyote. Lilikuja siku ya ng'ombe. Hasira iliyonipanda sijui niipime kwa kipimo gani. Niliweka jagi chini.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba koti."

Nadhani aliona nataka kumweka sawa ukosi, maana alinisogezea bega. Nililivua. Mkono wa kwanza ulitoka kwa urahisi, wa pili aliubana, lakini mtu mzima hawezi kugombania nguo na msichana mbele za wageni, akaulegeza. Nilivuka uwanja mzima nalo.

"Tata," nilimwambia Bibi, "simama uvae."

Tata ndivyo tunavyomwita baba. Sikuwa nimemwita mtu yeyote hivyo maishani, hata yeye. Aliniangalia kana kwamba nimemtukana, kisha akanipa mkono nimwinue. Koti lilimfika chini ya magoti na mikono ya koti ikameza viganja vyake. Nilingoja mtu acheke. Nilikuwa tayari kabisa kwa atakayecheka.

Mzee wa kofia alimwangalia Bibi kwa muda mrefu. "Nimetembea sana," alisema mwishowe, "hili sijapata kuliona." Akaburuta kiti chake mpaka karibu na kigoda. "Lakini mkwe ni mkwe. Tuanze."

Yule mwanaume na kaka zake waliondoka wakati watu wanapanga viti. Hawakunywa uji. Alipofika kwenye miti ya mpaka aligeuka mara moja, nikajiandaa kumtazama, lakini hakunitazama mimi. Aliangalia jikoni.

Jioni, wageni wakiwa wameshaondoka na mambo yameenda vizuri, Bibi alikuwa bado amevaa koti na joto lote lile, akiwatuma wadogo zangu huku na kule bila sababu. Nilienda jikoni nikiwa nimevimba kichwa. Mama alikuwa anasugua sufuria ya uji ulioungua. Nilikaa karibu naye, nikamwuliza kama ameona nilivyofanya.

"Nimeona."

Nikangoja anisifu. Aliendelea kusugua.

"Miaka yote anakuja giza likishaingia," alisema. "Leo nilikuwa nimekaa hapa mlangoni, namwangalia. Amekaa uwanjani kwangu mchana. Watu wanamwamkia."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilimwuliza kama ni yeye aliyemwambia aje, na nilimwuliza vibaya, kwa sauti kali, kama polisi.

"Alikuwa hataki," mama alisema. "Nilimbembeleza."

"Angekuchukulia watoto, mama. Bibi angebaki na nini?"

"Najua."

Ningelivua tena lile koti, hata leo, hata kama mama angenipigia magoti. Lakini nilikuwa nimepigana tangu utoto kujua mimi ni wa nani, na katika kupigana kote huko sikuwahi kufikiri kwamba mama naye ana swali kama hilo.

Nilimwambia atarudi tu, hasira zikimwisha.

"Hawezi kurudi tena hapa," mama alisema, akaisuuza sufuria, akaifunika juu ya kichanja. "Wewe una Bibi. Wadogo zako wana Bibi. Mimi nilikuwa na yule."