Mpini Niliouamini

Siku hiyo naikumbuka kama ya jana, mwanangu. Nakuita hivyo ingawa nimekupita miaka michache tu. Karakana hii inazeesha watu haraka. Nilikuwa mgeni Riyadh, nimetoka chuoni, nimepata mkataba kwenye mradi wa taifa wa chombo cha kupeleka watu angani. Kila aliyeniletea kipimo nilimwuliza, umejuaje? Niliona huko ndiko kusoma.

Kazi yangu ilikuwa mpini wa mlango, ambao rubani angeuzungusha kutoka ndani chombo kikishatua baharini. Niliuzungusha mara nyingi, ukafunguka kila mara, nikatia saini. Zilibaki siku tatu chombo kipelekwe Jeddah, watu wawili wafungiwe ndani, kielee baharini, kisha watoke wenyewe.

Akaja Bi Saada, Mzanzibari aliyeshona mabaibui Balad, mji mkongwe wa Jeddah, miaka mingi kabla ya kuletwa kwetu kushona glavu za marubani. Asubuhi ile nilikuwa nimemsumbua kwa maswali juu ya mishono yake.

"Bibie mhandisi, kazi yangu umeshaikagua. Mpini wako nani kaukagua?"

"Mimi mwenyewe."

"Kwa mkono gani?"

Nikamwonyesha. Akacheka mpaka akashika meza. "Huo wa kulia biriani? Hebu vaa hii."

Akanivisha glavu ya rubani, nene kama godoro. Vidole havikupenya nyuma ya mpini. Nikajaribu tena, jasho likanitoka. Mmoja wa wale wawili watakaofungiwa ndani nilikuwa nakunywa naye kahawa kila asubuhi.

"Sasa nifanyeje, Bi Saada?"

"Ukaseme. Mdomo unao, tunaujua sote."

Nikaenda kwa bosi, nikasema kosa ni langu. Akavua miwani. "Halas, basi, tunaahirisha. Tengeneza mwingine."

Baada ya wiki kadhaa, mchana wa jua kali pale Jeddah, mlango ulifunguka kwa mzungusho mmoja. Wakatoka wawili, wanapunga mikono yenye glavu. Bi Saada akapiga vigelegele, gati zima likageuka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja.

Basi mwanangu, uliza, wala usichoke kuuliza. Lakini anza na kazi yako mwenyewe, na uijaribu kwa mkono wa atakayeitumia. Ukikuta umekosea, sema siku hiyohiyo. Mungu akupe jicho kali kwa kazi yako na moyo laini kwa wanaokusahihisha, na kila utakayemfungia mlango aufungue mwenyewe, arudi kwao salama.