Buti la Kulia

Glenys Pugh alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Mwanawe wa pekee alikuwa vitani jangwani, mguu mmoja ndani ya buti jipya na mwingine ndani ya buti bovu, na katika bonde zima la Cwm Derwen hapakuwa na mtu aliyekosa usingizi kwa jambo hilo. Kijana aliyewakosesha watu usingizi alikuwa mwingine kabisa.

Lakini tuanze na miguu yenyewe. Rhodri Pugh alizaliwa na miguu mikubwa, mpaka mkunga akacheka. Akiwa bado shuleni alikuwa ameshavizidi viatu vya marehemu baba yake, na baba yake alikuwa mchimba makaa, si mtu wa kufichika nyuma ya mlango. Machimbo yalipofungwa, Cwm Derwen haikuwa na kazi ya kumpa kijana isipokuwa kupanga mikebe dukani, kwa hiyo Rhodri akaenda jeshini kama walivyokwenda wenzake. Jeshi likahangaika mpaka likampatia jozi moja ya buti zinazomtosha. Jozi hiyo alikwenda nayo jangwani, na joto la huko likaiyeyusha gundi. Soli zikaachama. Bohari ya kambi ikamwambia namba yake haipo, asubiri. Rhodri akazifunga soli kwa utepe mweusi wa gundi, akaendelea na doria.

Glenys alipoyasikia hayo kwenye simu hakulia. Alimaliza kuwapakulia watoto wa shule chakula cha mchana, maana hiyo ndiyo kazi yake, akavua aproni, akapanda basi kwenda mjini. Akanunua buti za jangwani kubwa kuliko zote dukani na kuzipeleka posta moja kwa moja.

Karani wa posta, Bwana Beynon, alikiweka kifurushi kwenye mizani akatikisa kichwa.

"Kimezidi, Bi Pugh. Vifurushi vya askari vinakwenda bure, lakini mwisho kilo mbili."

"Basi nitalipia hicho kilichozidi."

"Hakilipiki. Ndiyo sheria ya ndege zao, si yangu."

"Kwa hiyo mwanangu akae peku kwa sababu ya mizani yako?"

Beynon hakukasirika. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Tuma la kushoto peke yake, na la kulia peke yake. Hapo hakuna atakayetusema."

Lilikuwa wazo jema la mtu mwema, na Glenys akalifuata. Buti la kushoto likaingia kwenye gunia la Ijumaa. La kulia likabaki kungoja gunia la Jumatatu, kwa kuwa la Ijumaa lilikuwa limejaa.

Balaa ikaingia hapo katikati. Jumamosi magazeti yote yalitoka na picha moja tu: mwanamfalme Frederick, luteni kijana, kofia imeinamia sikio, amewasili vitani. Na kambi aliyofikia ni ileile ya Rhodri. Gazeti moja halikuona haya kuchapa hata anwani. Watu wakapagawa. Kuna waliosema ni shujaa, kuna waliosema ni maigizo ya kupigia picha, kuna waliosema arudishwe kwao kabla hajaumia, na wote hao, hata waliombeza, hawakuzungumza habari nyingine mwezi mzima. Hawakumwita luteni wala mwanamfalme. Walimwita Fredi. Fredi wetu. Ungedhani wamemnyonyesha.

Wiki mbili baadaye buti la kulia lilikuwa bado halijafika, na Glenys akarudi posta. Beynon alimweleza ukweli bila kumtazama usoni. Mizigo ya kambi ile ilikuwa imejaza ghala zima la jeshi. Nchi nzima ilikuwa inamtumia Fredi vifurushi: biskuti, vitabu, soksi, wanasesere. Na ndege hubeba risasi kwanza, dawa pili, barua mwisho.

"Hata hapa petu," Beynon akasema. "Ukitaka kujua vya hapa vinatoka wapi, muulize dada yako."

Ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi wanawake wa Cwm Derwen hukutana kufuma katika ukumbi wa nyuma wa kanisa. Zamani walikuwa wakiwafumia kofia vichanga wa hospitali. Kiongozi wao ni Mair, mdogo wake Glenys, tumbo moja, mwanamke mwenye moyo mzuri na masikio ya mapambo. Glenys alipofungua mlango alikuta vifurushi vimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha.

"Karibu dada, vuta kiti," Mair akasema. "Tunafunga vya leo."

Glenys hakuvuta kiti. Aliokota kitu mezani akakining'iniza hewani kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

"Kofia ya sufu."

"Ya jangwani?"

"Usiku kuna baridi kali kule. Nimesoma."

"Umesoma. Mwanangu yuko huko tangu kabla ya Pasaka, umewahi kumfumia hata leso?"

"Leso hazifumwi," akasema Bronwen wa duka la nyama, na wawili watatu wakachekea puani.

Glenys aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. Kisha akawaeleza habari ya kilo mbili, ya buti la kushoto na buti la kulia, ya ghala na ya ndege. Alieleza polepole, kama anavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza kwamba pudini imekwisha. Alipomaliza, akasema, "Buti la mwanangu limelaliwa na soksi zenu. Naombeni jambo dogo. Acheni kwa wiki mbili, lipite."

Wapo walioona haya, tusiwasingizie. Lakini Mair alikuwa na machozi tayari, na machozi hayo hayakuwa ya Rhodri.

"Dada, yule mtoto angeweza kukaa kwao jumbani akanywa chai. Hakuna aliyemlazimisha. Ameacha raha zote hizo akaenda mwenyewe. Hulioni hilo?"

"Naliona. Na Rhodri alikwenda mwenyewe."

"Rhodri ni kazi yake."

Hebu lisikieni neno hilo. Rhodri ni kazi yake. Kwa hiyo risasi ikimpata Rhodri ni mambo ya kazini, kama muuza samaki kujikata na kisu, bali Fredi akikwaruzwa na mwiba basi taifa zima linafunga mapazia kwa msiba. Mair hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Glenys zaidi. Huyu ni mama mdogo wa Rhodri, aliyembeba mgongoni, na aliyatamka hayo akiwa amepakata mpira wa sufu mapajani.

Mzee Idwal, mtunza kanisa, alikuwa amepiga magoti kwenye hita iliyogoma. Alichimba makaa miaka yake yote, na habari za wafalme hakuzipenda tangu ujana. Aliinua kichwa.

"Mimi sina neno na kijana mwenyewe," alisema. "Asipokwenda mnamwita mwoga, akienda mnamwita mzigo, masikini ya Mungu. Ila akitoka kutembea, kikosi kizima kinatembea kumzunguka. Hao nani anawafumia?"

"Wewe mzee, chuki yako na jumba la kifalme tunaijua," Bronwen akamwambia.

"Na mimi soseji zako nazijua. Nijibu nilichouliza."

Glenys ndiye aliyesema, na sauti yake sasa ilikuwa ya jikoni, ile ya kusikika juu ya kelele za masufuria. "Amekwenda vitani, vizuri. Basi avae kilichogawiwa, ale kilichopikwa, na angoje kinachongojwa. Soli yake ikiachama, naye aifunge utepe. Hapo mimi mwenyewe nitasimama barabarani nimpigie makofi mpaka mikono ivimbe. Lakini hamtaki awe askari nyinyi. Mnataka awe mtoto wenu aliyevaa nguo za askari, na watoto wetu wawe uzio wake."

"Vya leo vimeshafungwa, dada," Mair akasema kwa sauti ndogo. "Wiki ijayo tutaona."

Vikaenda posta jioni ileile, vyote. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Mair hakuwa amezaa. Tangu siku hiyo Glenys alivuka barabara kila alipomwona.

Rhodri alipiga simu Jumapili, sauti ikija na kukatika.

"Mama, kushoto jipya, kulia bovu. Wenzangu wananiita Nusu Jenerali."

"Na huo mguu wa kulia?"

"Malengelenge tu. Mchanga unaingia. Sikiliza, nimekutana na huyo Fredi wenu."

"Si Fredi wangu mimi."

"Ni mtu wa watu, mama, kusema kweli. Aliniona nachechemea, akaniuliza kulikoni, nikamwambia. Akaenda kunitolea jozi yake ya akiba." Rhodri akacheka. "Namba tisa. Nisingeingiza hata kisigino."

Glenys hakucheka. Alikuwa amejiandaa kumchukia kijana yule kwa moyo wote, na sasa chuki haikukaa vizuri. Hasira haikupungua, ilibadilisha tu njia. Ikawarudia watu wa Cwm Derwen, ikawashika wao tu. Aliwatukana akimenya viazi, aliwatukana akikunja shuka, na usiku alilala akipanga atakayowaambia kesho.

Kisha adui wakatangaza kwamba wanaijua kambi ya Fredi na watamtafuta mpaka wamtie mkononi. Wakubwa wakatetemeka. Ndege ikapatikana siku hiyohiyo, ndege nzima, kwa ajili ya mtu mmoja. Ile ya barua ilikuwa haijapatikana bado. Inasemekana kijana alikataa kuondoka, akaamriwa, na alipotua uso wake haukuwa wa furaha hata kidogo. Mimi namsadiki. Lakini Cwm Derwen walilia kwa furaha, Bronwen akapamba duka kwa bendera, na Alhamisi iliyofuata ukumbi wa kanisa ulikuwa mtupu. Sindano zilisharudi mikobani. Rhodri na wenzake walikuwa bado wanatembea kwenye mchanga uleule, mbele ya adui walewale waliokwishaambiwa kambi iko wapi. Kwa wafumaji, vita vilikuwa vimekwisha.

Rhodri alirudishwa mapema kuliko kikosi chake, kwa sababu ya mguu, na buti la kulia halijamfikia. Malengelenge yameingia uchafu, alimwambia mama yake, yakaleta usaha, wamenisafisha, nitapona. Alifika akiwa na fimbo, kushoto kiatu, kulia ndara kubwa juu ya soksi nene. Siku mbili alikaa nyumbani, na siku mbili hizo Glenys alimsimulia kila neno lililosemwa ukumbini, la Mair, la Bronwen, na majibu yake yeye, na yale ambayo angejibu kama yangemjia mapema. Rhodri alisikiliza, akanywa chai. Kila alipotaka kuvua soksi alipanda kwanza chumbani.

Mair, kwa kutafuta suluhu, akamwandalia karamu kwenye klabu ya wafanyakazi: sandwichi za mayai, soseji, keki za zabibu za kukaangwa kwenye chuma, pipa la bia. Glenys alikubali kwa ajili ya mwanawe. Watu walijaa. Walimpiga Rhodri mgongoni, wakamjazia glasi, na kila aliyemfikia alikuwa na swali moja.

"Ulimwona Fredi?"

"Nilimwona."

"Yukoje?"

"Mtu mzuri."

Akaja mwingine. Ulimwona Fredi? Ni mrefu kama kwenye picha? Zile kofia zetu alizivaa? Mair naye alikuja, amevaa gauni la Jumapili, akauliza kama Fredi alilia alipoambiwa aondoke. Rhodri alijibu wote kwa upole ulioanza kuchoka, akiegemea fimbo, kwa maana hakuna aliyekumbuka kumpa kiti.

Glenys aliweka birika chini kwa kishindo.

"Tangu tumeingia humu," alisema, "kuna hata mmoja wenu aliyemuuliza mwanangu habari za mguu wake?"

Bronwen alitazama soseji zake. Mzee Idwal ndiye aliyesogea mbele, akavuta kiti, akamkalisha kijana.

"Haya, mwanangu. Mguu unaendeleaje?"

"Unapona, mzee."

"Unaponaje? Sema vizuri."

Rhodri hakumtazama mzee. Alimtazama mama yake. "Wamekata vidole viwili," alisema. "Cha mwisho na jirani yake. Nilitaka kukwambia, mama, tangu siku ya kwanza. Lakini kila nikianza, uko na habari za hawa."

Glenys alisimama hapo na hasira yake yote mkononi, hana wa kumpa. Kisha akapita katikati ya watu, akapiga magoti sakafuni mbele ya kile kiti, akamvua ndara, na akaanza kuishusha ile soksi taratibu. Bandeji ilikuwa na doa la manjano ubavuni.

"Unauma?" akauliza.

"Unauma, mama," Rhodri akasema.