Wasifu wa Marehemu Kwenye Skrini Kubwa

Ndugu zangu, Mungu ni mwema, na haya nayaandika nikiwa bado naona aibu. Binti yangu alininunulia kompyuta ndogo ya kubeba, ila yenye skrini kubwa kuliko ile ya zamani. Nilishukuru sana. Ni nyepesi, chaji inadumu, na herufi nilizikuza mpaka miwani nikaanza kuiacha nyumbani. Sikujua kwamba skrini pana namna ile, tena inayong'aa, haipatani na jua.

Nilijua hilo kule kijijini Olmotonyi, kwenye mazishi ya rafiki yangu Zakaria. Familia iliniomba nisome wasifu wa marehemu, nami nikaikataa nakala ya karatasi. "Ninao humu, kwa herufi kubwa," nilimwambia mchungaji kwa majivuno kidogo. Nikaifungua kando ya kaburi. Badala ya maandishi nikaona uso wangu na anga. Nikaigeuza huku na huku, uso ukabaki palepale.

Waombolezaji walikuwa wanasubiri, na Zakaria nilimjua tangu utoto. Nikaamua kusema ya kichwani huku kidole kikitembea kwenye skrini kana kwamba nasoma. Shule, kipaimara, shamba la kahawa, ndoa, yote yalikwenda vizuri. Nikafika kwenye watoto.

"Marehemu ameacha watoto wanne," nikatamka taratibu. "Naomi, Eliya, Samweli na Ruthu."

Mjane akainua uso, machozi yakiwa bado mashavuni.

"Shemeji," akasema kwa upole, "hao ni wa kwako. Wa Zakaria wamesimama nyuma yako."