Sehemu ya Raymond

Jirani yangu Veneranda, ambaye mtaa mzima hapa Same tunamwita Mama Raymond, hajui kusema hapana. Ndiyo maana kompyuta yake ilijaa.

Alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, alipunguzwa kazi pamoja na wenzake. Wengine walifungua magenge ya nyanya. Yeye alichukua kiinua mgongo akanunua kompyuta ya mtumba, akaiweka sebuleni juu ya meza ya chakula na kuifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Tangu siku hiyo, kwake tunakula sahani zikiwa mapajani.

Raymond, mwanawe wa pekee, ndiye aliyemfundisha kuitumia. Kabla hajaenda Mwanza kutafuta maisha, aliigawa diski sehemu mbili, C na D, akaweka vitu vyake vichache kwenye D. Hakueleza zaidi, maana basi lilikuwa linakaribia kuondoka. Kwa mama yake hayo yalitosha: C ya mama, D ya mtoto. Kwetu Upareni mtoto akishaonyeshwa kipande chake cha shamba, huingii na jembe lako eti kwa sababu yuko safarini. Hata chumba chake hakikuguswa. Kitanda kilitandikwa, na kila Jumamosi shuka zilifuliwa ingawa hakuna aliyezilalia. Miaka ikapita, Raymond akituma salamu tu.

Huku C ikawa kama stoo ya mtaa. Kwaya ilihifadhi nyimbo zake humo, walimu mitihani yao, na chama cha kuzikana katiba yake. Mzee Fanueli aliweka picha za fahali wake, nyingi kuliko za mkewe. Mimi nilikuwa na barua zangu za kuomba kazi, ambazo hadi leo hakuna aliyezijibu.

Ikafika harusi ya Shamsa, mdogo wake Hamdani mwenye kibanda cha simu. Mama Raymond alizitengeneza kadi za mwaliko zikapendeza, lakini alipotaka kuzichapa, kompyuta ikagoma. Iliandika kwamba C imejaa, haina nafasi hata ya kuandaa kadi moja. Ndugu wa Lembeni na wa Jipe walikuwa bado wanasubiri kualikwa, na ndugu asiyepata kadi hununa mpaka kaburini.

Mama Raymond akaitisha msaragambo, kama vile milimani watu wote wanavyoitwa kuzibua mfereji uliojaa tope. Tulikuja kweli, ila hakuna aliyekuja kufuta cha kwake. Mzee Fanueli alisema fahali alishakufa, na zile picha ndizo zilizobaki. Watu wa kwaya waligoma kabisa. Mimi nilizitetea barua zangu kama vile mwajiri yuko njiani. Baada ya mabishano yote hayo kilichofutwa ni mchezo wa karata, na aliyeufuta tulimnunia.

Hamdani, aliyekuwa ameshika kipanya, akafungua D ili aone.

"Mama Raymond, mbona huku shamba zima limelala?"

"Hiyo ni ya Raymond," alisema.

Hakuna aliyecheka. Tulijua anachokiogopa: akiijaza sehemu ya mtoto, amekubali kwamba mtoto harudi. Mimi nilipandwa na hasira, nikamlaani Raymond kimoyomoyo, yeye na Mwanza yake.

Hamdani hakubishana. Alimchukua Mama Raymond mpaka kibandani kwake, sisi tukafuata nyuma, akapiga namba ya Mwanza. Mama Raymond alishika simu kwa mikono miwili, akaiitikia shikamoo, kisha akaiomba ile D kwa adabu kama mtu anayeomba kiti ugenini. Raymond alicheka mpaka sisi tuliosimama mlangoni tukamsikia.

"Mama, hiyo niliitenga kwa ajili yako, ya kwanza ikijaa. Jaza tu. Na kile chumba nacho pangisha, usikiache bure."

Mama Raymond aliisogeza simu karibu zaidi na mdomo.

"Kompyuta nitaijaza, baba. Chumba ni chako. Shuka nimezifua jana."

Safari hii Raymond hakucheka.

Tulihamisha vitu jioni ile ile, fahali akiwa wa kwanza. Kadi zikachapwa, Shamsa akaolewa, na hakuna ndugu aliyenuna. Mimi tu ndiye niliyebaki na kinyongo changu kwa Raymond.

Desemba, siku moja mchana, nikamwona anashuka kwenye basi, mizigo kichwani, na nyuma yake mke aliyebeba mtoto mchanga. Kinyongo sikujua kilikokwenda. Niliwatangulia kwa mama yake nikipiga vigelegele.

Jioni Raymond alikaa mezani na sidii ya picha za mwanawe, akitaka kuziweka kwenye kompyuta. C ilikuwa imejaa tena. Akafungua D, nayo imefurika kwaya, mitihani na fahali.

"Mama," aliita, "sasa mimi picha za mwanangu niziweke wapi?"

Mama Raymond alitoka chumbani akinyata, akaurudisha mlango polepole.

"Huko kumejaa," alinong'ona. "Mtoto mwenyewe nimeshamlaza kitandani kwako. Huku kulikuwa na nafasi."