Kitufe Nilichokiita Safi

Kwa miaka kadhaa nilihariri picha zangu zote kwa kubonyeza kitufe kimoja. Kazi hiyo nilikuwa nimeirekodi mwenyewe kwenye programu ya kompyuta, hatua baada ya hatua: ongeza mwanga usoni, lainisha ngozi, futa madoa, kisha tia picha nzima rangi ya joto, kama jua la saa kumi na moja jioni. Nikaiita Safi. Harusi ya Jumamosi ilikuwa tayari Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Studio yangu iko Nakuru mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo, na sikumbuki mteja hata mmoja aliyeshuka ngazi zile akilalamika.

Msichana niliyemharibia safari alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kule Njoro, mwaka wa mwisho, na alikuwa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusomea mambo ya udongo. Alitaka picha za kuombea viza. Alikuwa mweusi sana, na kovu jembamba lilitoka mwisho wa nyusi yake ya kushoto hadi karibu na sikio. Nilimkalisha, nikampiga picha sita, nikachagua moja, nikabonyeza Safi kama nilivyobonyeza kwa kila mtu. Picha ilipotoka kwenye printa aliishika kwa ncha za vidole, akacheka kidogo.

"Auntie, nimetoka fiti," akasema.

Alirudi baada ya wiki mbili. Hakupiga kelele. Aliweka picha mezani, kitambulisho chake kando yake, akaketi.

"Wameikataa," alisema. "Yule afisa aliangalia picha, akaniangalia mimi, akaangalia kitambulisho. Akaniambia, 'Lete picha yako.' Nikamwambia hii ni yangu. Akasema niende nikatafute yangu."

"Wamekupa siku nyingine?"

"Mwezi ujao. Masomo yatakuwa yameanza."

Nilifungua picha halisi kwenye kompyuta, nikaiweka sambamba na ile niliyompa. Sikuwa nimewahi kufanya hivyo na picha ya mtu yeyote, kwa sababu kitufe kilikuwa kimeniondolea haja ya kulinganisha. Kovu halikuwepo. Rangi ya ngozi ilikuwa imepanda hadi kahawia ya mtu mwingine kabisa. Hata kivuli chini ya shavu, ambacho ndicho kilichoupa uso wake umbo, kilikuwa kimelainishwa kikaisha. Aliyekuwa kwenye skrini angeweza kuwa binamu yake.

"Mbona hukuniambia siku ile?" nilimuuliza.

"Nilidhani picha za studio ndivyo hutoka. Na pia niliipenda. Sitakudanganya, niliipenda."

Nilimwomba msamaha, akaitikia kwa kichwa. Nikampiga picha nyingine, hiyo sikuigusa, akaondoka nayo. Wiki hiyo nilifuta Safi. Sikufanya hivyo kwa uchungu mwingi. Nilikifuta kama mtu anavyotupa dawa iliyokwisha muda wake, kisha nikakaa mbele ya kompyuta bila kujua nianzie wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa skrini yenyewe. Mpiga picha mwenzangu wa hapo mjini aliniazima kifaa kidogo cha kupimia rangi, kinachobandikwa juu ya skrini kama kipimo cha daktari kifuani. Tukagundua kuwa skrini yangu ilikuwa na ubuluu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiongeza rangi ya joto ili kupambana na ubuluu uliokuwa kwenye mashine yangu tu, si kwenye nyuso za watu. Kosa la pili lilikuwa kwamba nilitengeneza Safi kwa kutumia nyuso za wateja wangu wa mwanzo, ambao kwa bahati wengi walikuwa maji ya kunde. Kila aliyekuja baadaye nilimsukuma kuelekea kwao.

Yule msichana aliendelea kupita studio kila alipokuja mjini kufuatilia karatasi zake. Nilimuuliza kama angekubali nijifunze kwa uso wake. Alikubali, nadhani kwa sababu hakuwa na pengine pa kungojea. Alikaa kwenye kigoda akishika kadi ya kijivu chini ya kidevu, ili kamera ijue rangi halisi ya mwanga wa pale ndani. Kisha akavuta kiti karibu nami tukatazama skrini pamoja.

"Hapo umenifanya kama mgonjwa," alisema mara ya kwanza.

Nilikuwa nimepunguza wekundu. Niliurudisha. Ndipo nilipoona kwamba weusi wake haukuwa rangi moja: kipaji cha uso kilikuwa na ubuluu kidogo mahali mwanga wa dirisha ulipogonga, mashavu yalikuwa na wekundu wa ndani, na shingo ilielekea kwenye zambarau. Nilijifunza kutenganisha rangi ya ngozi na umbile lake, kila moja kwenye tabaka lake, ili nikisawazisha rangi vinyweleo visipotee. Nilijifunza pia kutazama picha ikiwa nzima, maana ukiikuza hadi jicho lijaze skrini, kila uso utauona una kasoro.

"Na hicho kipele?" akauliza, akionyesha kidevu chake.

"Kitakuwepo wiki ijayo?"

"Hapana."

"Basi nakitoa."

"Na hili?" Aligusa kovu. "Hili ni la seng'enge. Nilikuwa nakimbiza ndama, nikiwa na miaka saba."

"Wewe unatakaje?"

Aliinamia skrini. "Liache," akasema. "Lakini lisiwe la kwanza kuonekana."

Nililipunguza kivuli kidogo tu, likabaki. Tangu hapo kila mteja namuuliza kabla sijaanza. Kazi imekuwa ya polepole, na si kila mtu anafurahia swali hilo. Kuna bibi harusi aliyeniambia waziwazi kwamba anataka kuwa mweupe kwenye albamu yake. Nilimtengenezea picha mbili, ya vile alivyo na ya vile alivyotaka. Alichagua ya pili bila kusita, nami nikamchapishia. Uso ni wake.

Picha mpya ya viza ilikubaliwa, lakini muhula ulikuwa umeanza bila yeye. Chuo kilimpa nafasi mwaka uliofuata, na ule mwaka mzima alikaa nyumbani kwao Dundori akilima viazi na wazazi wake. Hakuwahi kunilaumu mbele yangu. Kama alinilaumu nyumbani, sikujua, na sikumuuliza.

Kabla hajasafiri aliniita nikawapige picha ya familia. Nilipanda Dundori asubuhi moja ya ukungu. Baba na mama walisimama kando ya zizi la ng'ombe, yeye katikati, nyuma yao shamba la viazi likiwa limechanua. Picha hiyo moja ilinichukua saa nne. Zamani Safi ingegeuza majani yale kuwa kahawia. Niliyaacha na kijani chao kizito, nikashughulikia kila uso peke yake, mmoja baada ya mwingine.

Niliwapelekea ikiwa imewekwa kwenye fremu. Mama aliitazama muda mrefu.

"Nimezeeka," akasema.

"Ningeweza kupunguza hiyo mikunjo, mama."

"Ya nini? Watoto wataniuliza huyo ni nani."

Alikwenda kuitundika kwenye ukuta unaoelekea dirishani. Nilimwambia jua litaifubaza, afadhali ukuta wa upande ule mwingine.

"Msumari uko hapa," alisema, akaitundika.