Salfa Kwenye Shingo ya Faneli

Gari langu ni la dizeli, lina turbo, na oili yake naibadilisha mwenyewe nyumbani, chini ya banda la mabati lililo upande wa jikoni. Sikusomea ufundi. Mafundi wa Masasi niliowafahamu walikuwa hodari wa malori na pikipiki, lakini turbo waliizungumzia kama watu wanavyozungumzia maradhi ya ukoo, kwa sauti ya chini na bila maelezo. Nikaamua kusoma mwenyewe, na nilichokisoma nikakijaribu kwa spana.

Turbo ni feni mbili ndogo kwenye mhimili mmoja. Moja inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nyingine inasukuma hewa kuingia ndani yake. Mhimili huo huzunguka kwa kasi kubwa mno, na kinachoushikilia ni utando mwembamba wa oili ndani ya bushi za jamii ya shaba. Oili ikiwa mbaya, injini ya kawaida hulalamika kwa muda mrefu kabla ya kufa. Turbo hailalamiki. Na ikitoka kwenye kazi nzito haipendi kuzimwa ghafla, kwa sababu oili inayobaki humo huungua na kuganda. Inabidi injini iachwe ingurume taratibu kwa muda kidogo, ipoe, ndipo uzime.

Siku ninayoisimulia ilikuwa katika msimu wa kupulizia mikorosho, na nilikuwa nabadilisha oili kwa ajili ya safari ya kesho yake. Mama mkwe wangu anaishi Newala, karibu na mahali ambapo barabara inamaliza kupanda uwanda. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Sufuria alizijua kwa kuzigusa na watu kwa sauti zao. Madaktari wa macho walikuwa wamefika hospitali ya Mkomaindo, hapa Masasi, kwa siku chache, kisha wangeondoka, na haikujulikana wangerudi lini. Mara kadhaa kabla ya hapo alikuwa amekataa kushuka. Baba mkwe alishushwa Masasi kwa gari la kukodi, na hakurudi akiwa hai. Kila mama alipoisimulia siku ile, alianzia palepale: gari lilisimama uani likinguruma, dereva hakushuka, wakamtoa mzee kama mzigo unaochelewa. Safari hii alikubali kwa sharti moja. Atakwenda na gari la mkwewe, si jingine.

Basi nilitaka gari liwe sawa. Oili inayotakiwa na injini hii haiuzwi Masasi. Huagizwa kwa basi, na nilikuwa nimeletewa dumu lake moja. Niliwasha injini mpaka ikapata joto, nikazima, nikapandisha magurudumu ya mbele kwenye mbao kwa jeki, nikalala chini na kufungua nati ya sampu, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Oili ya zamani ilishuka nyeusi kwenye karai. Jirani yangu, mzee mchangamfu anayejenga choo kipya, alikuwa ameshafika na ndoo. Hapa oili chafu haitupwi. Hupakwa kwenye nguzo ili mchwa wasizile, na mtu akisikia jeki ya jirani inalia hutafuta ndoo.

Niliweka washa mpya ya shaba kwenye nati, nikaikaza, nikajaza filta mpya moja kwa moja kutoka kwenye dumu na kuifunga. Kisha nikatungua faneli yangu pana ya bati kwenye msumari wake na kumimina iliyobaki. Oili mpya ina rangi ya asali. Nilipomaliza, nilipitisha kidole ndani ya shingo ya faneli, kama ninavyofanya siku zote, ili nisipoteze tone. Kidole kilitoka na chembechembe za njano. Nilizisugua kati ya vidole na kuzinusa. Ilikuwa salfa, unga unaopuliziwa mikorosho kuzuia ukungu wa ubwiri.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, analima mikorosho upande wa Lukuledi, na msimu huo alikuwa amefikia kwetu pamoja na mashine yake ya kupulizia. Wakati huo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akitengeneza kamba ya kuvutia mashine.

"Shemeji," nilimwita, "hii faneli uliitumia?"

"Niliiazima juzi, kurudishia salfa iliyobaki kwenye dumu. Lakini niliiosha! Niliisugua kwa sabuni. Mimi siyo mtu wa kurudisha kitu cha watu kichafu."

Ni kweli, alikuwa ameiosha. Tabu ni kwamba salfa haiyeyuki katika maji. Ilikuwa imelowa, ikaingia kwenye mshono wa bati ndani ya shingo, ikakaukia humo kama lipu. Oili ndiyo iliyoitoa.

"Imeingia kwenye injini," nilisema.

"Kidogo tu, shemeji. Na salfa ni dawa. Mkorosho unapuliziwa, unazaa. Na gari lako litazaa."

Mke wangu alimsikia kutoka jikoni. "Lizae nini? Hilo moja lenyewe linakula kuliko watoto."

Sikutaka kubishana. Nilichukua washa ya zamani, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa nyekundu, nikaiweka kwenye kopo la nyanya pamoja na oili niliyoikung'uta kutoka kwenye faneli. Nikaomba nafasi kwenye jiko la mkaa.

"Kopo hilo lisikae karibu na kisamvu changu," alisema mke wangu.

"Si kwa muda mrefu."

"Kikinuka gari mtakila ninyi wawili. Mimi na watoto tutapika kingine."

Nilipoitoa washa kwa koleo, ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria ya kuni. Nilimpa shemeji. Aliigeuza upande huu na upande huu, akaisugua kwa kucha, weusi ukabaki.

"Na ndani ya turbo kuna shaba?"

"Ndiyo inayobeba mhimili."

Aliirudisha washa kwenye kopo, akauliza nilichokuwa nakifikiria mimi pia. "Sasa mama atakuja na nini kesho?"

"Tukodi gari," nilisema, ili tu liwe limesemwa.

"Mwambie wewe. Mimi bado nataka kuitwa mwanawe."

Jambo moja lilikuwa upande wetu: sikuwa nimewasha injini. Salfa ilikuwa imeshuka kwenye sampu na kutulia, na turbo ilikuwa haijaonja kitu. Nikalala tena chini ya gari. Oili ambayo haijafanya kazi hata ya kutoka nje ya geti ilishuka kwenye karai, safi, inang'aa. Jirani aliinama akaitazama kwa mashaka.

"Hii mbona haina uchafu?"

"Ina salfa, mzee."

"Ahaa! Basi nguzo za choo changu hazitapata ubwiri."

Alicheka peke yake mpaka ndoo ikayumba.

Shemeji alipanda bodaboda akaenda sokoni kutafuta oili ya dizeli, yoyote iliyofungwa kwenye dumu lake la kiwandani. Alirudi na ile ya malori. Nilikata chupa mpya ya maji iwe faneli. Nikamimina kiasi bila kuwasha injini, nikaiacha itoke, nikaikinga kwa kitambaa cheupe na kukitazama juani. Mwanzoni njano ilionekana. Nikarudia mpaka kitambaa kikawa na alama ya oili peke yake. Nikafunga nati, nikajaza oili ileile ya malori. Ilikuwa nzito kuliko inavyotakiwa, na ya daraja la chini. Kwa maarifa yangu, ingefaa safari moja kwa masharti mawili: nisiisumbue injini mlimani, na nisiizime ikiwa ya moto.

Asubuhi tulipanda mimi, mke wangu na shemeji. Sharti la kwanza nililitimiza kwa kadiri barabara ilivyoruhusu. Lori la mifuko ya saruji lilitutangulia kwenye mpando, na mahali pa kulipita palikuwa pafupi, kwa hiyo palepale nililazimika kukanyaga mafuta. Mshale wa joto ulipanda kuliko kawaida. Tuliingia uani kwa mama mkwe injini ikiwa bado ya moto. Wenzangu walishuka. Mimi nilibaki kwenye usukani, injini ikinguruma taratibu, nikisubiri kama kitabu kinavyoelekeza.

Ilipita kitambo. Mama hakutoka. Mke wangu alirudi akasimama kwenye dirisha langu.

"Amevua khanga ya safari. Anasema leo hajisikii."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ameuliza kama dereva ameshuka."

Nilitazama mshale, haukuwa umeshuka vya kutosha. Nilijua ni nini kilichokuwa kikitokea ndani ya turbo wakati ule, na nilijua kitakachotokea nikigeuza ufunguo. Nilijua pia kuwa mwanamke asiyeona, aliyekaa kwenye mkeka nyuma ya ule ukuta, alikuwa akisikiliza gari lile lingine, la siku ya mzee. Niligeuza ufunguo. Injini ilinyamaza, na bati za ekzosi zikaanza kulia tik, tik, kama zinavyolia zikipoa.

Nilipiga hodi, nikavua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi."

"Umezima?"

"Nimezima."

"Basi kaa. Ming'oko iko motoni."

Tulikula ming'oko, ile mizizi ya porini, na chai ya rangi. Aliniuliza habari za watoto, za mvua za mwaka uliopita, za bei ya korosho, zote bila haraka. Shemeji alikuwa akinitupia jicho na kuangalia jua. Nilimwashiria atulie. Mwishowe mama alisimama bila kuambiwa na mtu, akaomba apewe khanga yake, akasema, "Mkwe wangu amekula, sasa twende." Njiani alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili hadi tulipoiona milima ya mawe ya Masasi. Tuliiona sisi, yeye aliambiwa.

Madaktari walimfanyia jicho moja. Jingine waliliacha kwa safari nyingine, ambayo baadaye ilipatikana. Bandeji ilipofunguliwa alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akamwambia amekonda na ajirekebishe.

Oili sahihi ilifika na basi baada ya muda, nikaimwaga ile ya malori, nikaweka hiyo. Faneli ya bati ni ya shemeji siku hizi, nami nimenunua ya plastiki inayoonyesha ndani. Tangu safari ile turbo ina mluzi mwembamba injini inapovuta mlimani, ambao zamani haukuwapo. Siwezi kusema kwa uhakika umetokana na nini. Huenda ni oili nzito, huenda ni kuzimwa ikiwa ya moto, huenda ni umri.

Nilijiwekea utaratibu. Nikipanda Newala, nasimama kwenye mikorosho kabla ya kufika nyumbani kwa mama mkwe, naiacha injini ipoe humo, kisha naingia uani polepole na kuzima papo hapo. Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri mpaka macho yake yote mawili yalipopona. Siku moja nilimkuta amesimama mlangoni, mkono umekinga jua.

"Mkwe, mbona unasimama kule kwenye mikorosho? Nimekuona mara ya pili sasa. Unatuogopa?"

"Nalipumzisha gari, mama. Likipanda mlima haliwezi kuzimwa mara moja."

"Kwa hiyo unalipumzishia porini?"

Nilitafuta maneno ya heshima. "Sikutaka lingurume uani kwako."

Alilitazama gari, kioo cha mbele hasa, kwa umakini wa mtu anayechagua kitambaa dukani.

"Lingurume tu," alisema. "Siku hizi namwona aliye ndani."